Lita, mfuko, mtungi au waya: ruzuku ipi inamfaa mtu wa Kigoma?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, simu za watu wa Kibirizi, ufukwe wetu hapa Kigoma, hupokezana picha ile ile: jedwali la bei kikomo za mafuta kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kidole kinashuka, kinapita Dar es Salaam, kinapita Dodoma, mpaka kifike Kigoma, Uvinza, Buhigwe. Namba tunayoikuta huko huwa miongoni mwa zile za juu nchini, na sababu haina siri. Mafuta hushushwa bandarini, na sisi ni mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Bei ikipaa, swali hurudi palepale ufukweni: kwa nini serikali isitie ruzuku?

Nimelisikia swali hilo tangu 2022, na jibu langu nimelibadilisha mara mbili. Mwanzo niliunga mkono ruzuku ya mafuta bila kufikiri, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba inayoishi kwa dagaa, na dagaa hawaji ufukweni bila petroli. Baadaye nikaipinga kabisa. Sasa nimefika mahali pa kulinganisha. Shilingi ya serikali iliyokwenda kwenye lita ya petroli haitakwenda tena kwenye mfuko wa mbolea, wala kwenye mtungi wa gesi, wala kwenye waya wa umeme. Anayeomba ruzuku ya kimoja ameshachagua kuacha kingine, hata kama hakutaja. Kwa hiyo tuviweke vinne ubavu kwa ubavu, tuone kila kimoja kinamwangukia nani.

Lita

Mei 2022, miezi michache baada ya vita ya Ukraine kuanza na bei ya mafuta duniani kuruka, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza bei za Juni. Ruzuku ikaendelea na miezi iliyofuata. Sitaki kuibeza hatua ile. Mkoa unaoletewa saruji, sukari na dawa kwa lori kutoka mbali huumia mara mbili dizeli inapopanda: kwanza sheli, kisha dukani.

Jioni moja ya msimu ule nilikaa mchangani na baba mdogo, mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Mwezi ulikuwa umeshafifia na giza la kuvulia limerudi, naye anaandaa safari. Dumu la njano la lita 20, mpira wa kunyonyea, kipande cha kanga kwenye mdomo wa tangi kiwe chujio. Akanyonya, akatema, petroli ikashuka taratibu bila tone kuangukia mchangani.

"Mwanangu, ruzuku mimi niliiona," akaniambia. "Siwezi kusema uongo. Lakini shemeji yako kule kusini hakuiona hata senti."

Nilimwelewa. Katika vijiji vingi vya mwambao hakuna sheli. Petroli ni chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa upya, imepangwa kwenye meza ya mbao mbele ya duka, na bei yake haimo kwenye jedwali la EWURA. Aliyeileta kwa boti ndiye anayeipangia bei. Ruzuku iliingia kwenye pampu ya mjini, na kabla ya kufika kwenye ile meza ilikuwa imeshaishia mikononi mwa watu njiani.

Na hata huko mjini, tazama inavyogawanyika. Tuseme ruzuku ni shilingi 300 kwa lita. Kijana wa bodaboda anayechoma lita tatu kwa siku anabakiwa na 900. Baba mdogo, kwa dumu lake moja la usiku, 6,000. Mwenye Land Cruiser akijaza tangi la lita 90 anaondoka na 27,000 kwa kusimama sheli mara moja. Mama anayebeba ndoo ya mawese kichwani kutoka shambani hadi sokoni hana lita yoyote, kwa hiyo hana chake. Utaambiwa yeye atafaidika nauli ikishuka. Nauli mpya za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilianza Mei 2022. Ruzuku ilikuja Juni, na nauli haikurudi nyuma.

Hapo bado sijafika mpakani. Manyovu haiko mbali na Kigoma mjini, na ng'ambo ya pili ni Burundi, nchi iliyokaa kwa miaka kadhaa ikihangaika na uhaba wa mafuta kwa kukosa fedha za kigeni za kuagizia. Bujumbura magari yamewahi kulala kwenye foleni siku kadhaa. Serikali yao hupanga bei, lakini bei ya vichochoroni huwa juu zaidi kwa mbali, kwa sababu kwenye pampu ya bei nafuu hakuna kitu. Kila mtu wa mpakani anajua vidumu vinavyovuka kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa boti za usiku. Simlaumu hata kidogo Mrundi anayetafuta lita mbili za kumpeleka mgonjwa hospitali. Ninachosema ni kwamba kila shilingi inayopunguza bei upande wetu inaongeza faida ya anayevusha. Mkoa wa katikati ya nchi unaweza kulisahau hili. Kigoma, yenye Burundi kaskazini na Kongo ng'ambo ya ziwa, haiwezi.

Somo hili tulishapewa kwa njia nyingine. Wa rika langu wanalikumbuka neno uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa ajili ya wanyonge wanaowasha vibatari. Wajanja wakayanunua kwa wingi na kuyachanganya kwenye dizeli, na injini zikafa. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ikaribie ile ya dizeli. Uchakachuaji ukapungua, na bibi wa kijijini akalipia dhambi ambayo hakuitenda. Bidhaa mbili zinazofanana zikipishana sana bei, mahali popote, yupo atakayejipenyeza katikati.

Jambo la mwisho kuhusu lita ndilo linaloniuma zaidi, maana linagusa riziki yetu wenyewe. Petroli si kitu pekee kinachopungua hapa. Samaki nao wanapungua. Mwaka 2024 nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulipumzisha, na kwa upande wetu uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Nyumbani kwetu ilikuwa miezi migumu. Lakini waliovua tangu miaka ya themanini wanasema wazi kwamba zamani walivua karibu, na sasa mashine inakimbia mbali zaidi kutafuta dagaa wale wale. Ukishusha bei ya petroli ya mvuvi, umemwongezea urefu wa kamba: atakwenda mbali zaidi, atakaa zaidi, atavua kilichobaki. Ndiyo sababu Shirika la Biashara Duniani lilipitisha mwaka 2022 mkataba wa kubana ruzuku za uvuvi zinazochangia kumaliza samaki. Mkataba ule ni wa baharini na hauligusi ziwa letu, ila hesabu yake ni ile ile. Kutia ruzuku kwenye kitu adimu ili kukitafuta kitu kingine adimu ni kuvimaliza vyote viwili kwa fedha za umma.

Kuitoa nayo ni kazi. Septemba 2022 Kenya iliondoa ruzuku ya petroli, na lita Nairobi ikatoka shilingi 159 za kwao hadi 179 kwa usiku mmoja. Nigeria, Mei 29, 2023, Bola Tinubu alitangaza mwisho wa ruzuku siku ile ile aliyoapishwa kuwa rais, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili ndani ya siku chache. Ghana mwaka 2005 walifanya kwa akili zaidi: walipopandisha bei ya mafuta, walifuta ada katika shule za msingi za serikali. Mzazi aliona kilichotoka mkono mmoja na kilichoingia mkono wa pili.

Mfuko

Msimu wa 2022/23 serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ruzuku ya mbolea. Zilinganishe na zile bilioni 100 za mafuta. Mwezi mmoja na nusu wa lita ni sawa na msimu mzima wa mbolea kwa nchi nzima. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ambao ungeuzwa zaidi ya shilingi 130,000, mkulima aliyejiandikisha aliupata kwa 70,000.

Mbolea nayo ina mafuta ndani yake, kwa namna ya kusema. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na ndiyo maana bei yake iliruka pamoja na ya petroli. Lakini ruzuku yake ina kitu ambacho lita haina: jina la mtu. Shangazi yangu wa Kasulu alijiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, akataja ukubwa wa shamba lake la mahindi na maharage, akapata namba kwenye simu. Mwenye ekari mbili hapewi mifuko ya ekari mia. Kuna kikomo, na kikomo kimeandikwa.

Adha yake ni njia. Shangazi alikwenda mjini mara tatu. Mara ya kwanza wakala hakuwa na DAP. Mara ya pili mtandao ulikuwa chini. Mara ya tatu alipata mifuko miwili, akailipia pikipiki ya kuirudisha kijijini, na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza. "Mwanangu, bei ni nzuri," alisema, "ila mbolea ikichelewa wiki mbili mahindi hayakusubiri." Mfuko nao unaweza kuvuka mpaka kama dumu, japo ni mzito kuufichia na una namba ya mtu nyuma yake.

Kama unaishi kwa jembe, mimi ningekwambia utetee mfuko kabla ya lita, na utumie nguvu zako kudai wakala asogezwe hadi kwenye kata. Mwenye shamba anapata gunia la ziada, na gunia lile linaliwa hapa hapa mkoani.

Mtungi

Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sehemu yake ni mitungi ya kilo 6, pamoja na vichomeo vyake, inayouzwa vijijini kwa nusu bei kupitia REA, wakala wa nishati vijijini. Hiyo ni ruzuku ya mafuta ya kisukuku pia, maana gesi ya mitungi tunaiagiza nje. Gesi asilia ya Songosongo na Mnazi Bay ni kitu kingine, husafirishwa kwa bomba.

Kwa mkoa wetu hoja ya mtungi ina uzito wa pekee. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996, na mamia ya maelfu ya watu, wakimbizi na wenyeji, wamepika kwa kuni za miombo ile ile. Vilima vinavyozunguka Hifadhi ya Gombe vilikwisha kunyolewa kiasi kwamba mwaka 1994 ulianzishwa mradi wa TACARE kuwasaidia wanakijiji kurudisha miti. Ukiwa na kitu kinachomwondoa mama jikoni penye moshi na kuuacha mti umesimama, nusu bei si fedha ya kupotea.

Shida huanza mtungi unapoisha. Jirani yetu aliupata kwa furaha, akaupikia karibu mwezi. Siku ya kujaza, bei ilikuwa kamili, na kwenye bei hiyo umo usafiri wa lori kutoka pwani. Leo mtungi ule umefunikwa kitambaa cha kufuma, umesimama kwenye kona ya sebule kama kigoda, na yeye anapuliza mkaa nje. Serikali ililipia kiingilio tu.

Na bado naipa alama nzuri ruzuku ya kiingilio kuliko ya matumizi, kwa sababu inalipwa mara moja na haimfungi mtu wala hazina milele. Kwa mwenye mshahara mdogo wa uhakika pale mjini, mwalimu au muuguzi, mtungi wa nusu bei unatosha kumvusha. Kwa anayepata shilingi yake kwa siku, unamvusha ikiwa tu gesi inauzwa kidogo kidogo kwa kadiri ya fedha aliyonayo. Bila hilo, asiuchukue kwa sababu wengine wanachukua.

Waya

Hapa watu wa Kigoma tuna deni la kukumbuka. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na dizeli ile ililetwa kutoka pwani kama mafuta mengine. Uniti tuliyouziwa ilikuwa na bei ile ile ya Morogoro au Mwanza kwenye gridi, ingawa kuizalisha kulikula fedha nyingi zaidi. Tofauti aliibeba TANESCO, shirika la umeme. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunapewa ruzuku ya mafuta kila tulipowasha taa, na hakuna aliyetutangazia. Mwaka hadi mwaka fedha zilichomwa zikawa moshi, na asubuhi iliyofuata ilibidi zitafutwe nyingine. Hakuna nguzo hata moja iliyosimama kutokana na moshi ule.

Oktoba 2022 gridi ya Taifa ilizinduliwa mkoani kwetu, ikiingia kwa njia ya Nyakanazi. Tangu hapo naiona tofauti kati ya aina mbili za ruzuku kwa macho, si kwa vitabu. Dizeli ya jenereta ilitubakiza tulipo. Waya umetutoa. Mbele yetu kuna pia mradi wa Malagarasi, megawati 49.5 kutoka maporomoko ya mto wetu wenyewe, na maji yale hayapandi bei kwa sababu ya vita vya watu wengine.

Waya una ruzuku yake: kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, kiasi ambacho hakikaribii gharama ya nguzo na nyaya. Na anayetumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukizidi, bei inapanda. Linganisha na lita: kwenye umeme, mwenye friji tatu na viyoyozi hachoti kutoka chungu cha mwenye taa mbili. Kwenye pampu anachota, tena wa kwanza.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ndani ya kila lita ya petroli au dizeli tunayonunua mna shilingi 100 za Mfuko wa Nishati Vijijini. Lita imekuwa ikilipia waya. Ndiyo maana anaponiambia mtu kwamba serikali ifute tozo zote kwenye mafuta, namuuliza kwanza nguzo za kijiji chake zimefika wapi.

Ubaya wa waya ni kwamba hauna haraka. Bei ya petroli ikiruka leo, waya hautamsaidia mtu kesho asubuhi. Na mashine ya mtumbwi haiendi kwa umeme wa TANESCO, angalau si leo.

Kwa hiyo uchague nini?

Kama ni dharura, bei imepaa ghafla kwa jambo la nje na malori yanasimama, naikubali lita, kwa miezi inayohesabika, tarehe ya mwisho ikiwa imetangazwa siku ile ile ya kuanza. Ningetaka itiwe kwenye dizeli zaidi kuliko petroli, kwa sababu dizeli ndiyo inayoleta chakula Kigoma. Nje ya dharura siitaki, na nasema hivyo nikijua nani nyumbani kwangu atanuna.

Kama unalima, dai mfuko, na udai ufike kabla ya mvua. Kama unapika kwa mkaa na kipato chako hakiyumbi, chukua mtungi. Kama kijiji chenu hakijapata nguzo, usimruhusu mgombea yeyote akuondoe hapo kwa ahadi ya mafuta rahisi. Na kama wewe ni mvuvi, omba msaada wa miezi mitatu ya kufungwa ziwa, upewe mkononi kwa jina lako, badala ya petroli ya kwenda mbali zaidi kuwatafuta samaki waliokwisha.

Haya ya mwisho nilimwambia baba mdogo mwenyewe, nikijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alinipeleka nyuma ya nyumba yake Ujiji, akanionyesha karabai nne za zamani zikining'inia kwenye msumari, vioo vina masizi, pampu zimeshika kutu. Kila moja ilikuwa ikinywa mafuta ya taa usiku kucha juu ya maji. Mafuta ya taa yalipopanda, alilalamika miaka miwili, kisha akauza baiskeli akanunua taa za betri. Betri zilikuwa pale chini, tatu, kwenye kivuli cha mwembe, zimeunganishwa kwenye waya uliotoka dirishani.

"Hizi nazichaji kwa umeme wa ndani," alisema. "Mwezi uliopita sikufika uniti 75."

Kisha akalinyanyua lile dumu la njano, akalitikisa kusikia limebaki kiasi gani, akaniuliza kama nimesikia habari ya mashine za mtumbwi zinazotumia betri, na zinauzwa bei gani.